Mwongozo Kamili wa Kushindana na Jirani kwa Ndege wa Uani: Hesabu, Ushahidi na Utani katika Nyanda za Juu Kusini

Asubuhi za mwezi wa Julai hapa Uyole, jijini Mbeya, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya viazi na watu wamevuta makoti hadi masikioni, sauti ya kwanza ninayoisikia kutoka ng'ambo ya ua wa michongoma huwa si salamu. Ni sauti ya jirani yangu, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu tu, akitangaza idadi: "Saba! Mwenzako nimeshafika saba, wewe bado unakoroga uji?" Namjibu kwa idadi yangu, naye anaikataa papo hapo na kudai maelezo ya kila ndege mmoja mmoja, baada ya hapo ndipo tunaposalimiana na kuulizana habari za watoto.

Tumeshindana hivyo kwa miaka minne, na katika muda huo nimejifunza jambo ambalo ndilo msingi wa mwongozo huu: utani wa jirani humfanya mtazamaji wa ndege awe mkweli. Mtu anayetazama peke yake huandika anachotaka kukiona. Mtu anayejua kwamba kabla ya saa mbili asubuhi ataulizwa mdomo ulikuwa wa rangi gani, na kwamba akibabaika atachekwa hadi Jumapili, hutazama mara mbili kabla ya kushika kalamu. Kwa hiyo ushindani huu unahitaji kupangwa vizuri, kwa sheria zinazoeleweka, ili kicheko kiendelee kuwa kicheko na hesabu iendelee kuwa hesabu.

Hatua ya kwanza: Chagueni washindani na mpime mipaka

Anzeni na kaya mbili, au zisizozidi tano. Zikizidi hapo, mabishano humaliza asubuhi nzima. Ni vizuri zaidi kaya hizo ziwe katika eneo moja, kwa sababu ndege hufuata mwinuko, mvua na aina ya miti. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, iko karibu mita 500 tu. Anayeishi Kyela ataona ndege wa joto ambao mkazi wa Uyole hawezi kuwapata hata akeshe, na mkazi wa Uyole naye atakuwa na ndege wa baridi ambao hawashuki hadi kwenye mpunga. Wifi yangu anaishi Gangilonga, Iringa, naye hushindana nasi kwa simu. Tulipoona kwamba kulinganisha jumla zetu hakuna haki, tulikubaliana kulinganisha ongezeko: kila mmoja hushindana na idadi yake mwenyewe ya mwaka uliotangulia, na anayejiongezea aina nyingi zaidi ndiye mshindi.

Baada ya hapo tengenezeni orodha mbili kwa kila kaya. Ya kwanza ni ya waliotua, yaani ndege waliogusa ardhi, mti, paa, waya au ua wa nyumba husika. Ya pili ni ya waliopita, yaani walioonekana wakiruka juu bila kutua. Msipozitenganisha orodha hizi tangu siku ya kwanza, mtagombana kila mara mwewe atakapozunguka juu ya mtaa, kwa kuwa kila kaya itadai kwamba alikuwa wa kwake. Mti uliosimama mpakani ni wa wote wawili, na ndege aliyetua humo huandikwa na kila aliyemwona. Parachichi letu limesimama juu ya mpaka, na kabla ya sheria hiyo Mwalimu alikuwa akidai kwamba matawi yanayoelekea mashariki ni yake kwa sababu ndiye anayeyafagilia majani.

Hatua ya pili: Vifaa

Hapa sina mengi. Daftari la kurasa nyingi, kalamu inayoandika hata kukiwa na baridi, na saa vinatosha kwa kuanzia. Mkipata darubini, itafuteni iliyoandikwa 8x42, maana yake inakuza mara 8 na lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 42, hivyo huingiza mwanga wa kutosha asubuhi yenye ukungu. Darubini moja ikipitishwa juu ya ua kati ya kaya mbili haipunguzi ushindani hata kidogo. Sisi tunayo moja, na anayeishika wakati huo hulazimika kumsimulia mwenzake anachokiona.

Simu inasaidia kupiga picha na kurekodi sauti. Programu ya Merlin, inayotolewa bila malipo na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, hupendekeza jina la ndege kutokana na picha au maelezo ya rangi na ukubwa wake. Andikeni katika sheria zenu kwamba pendekezo la simu si ushahidi. Mshindani lazima aweze kutaja mwenyewe alama mbili za mwilini mwa ndege zilizomfanya alikubali jina hilo.

Hatua ya tatu: Andaa uwanja wako bila kumdhulumu jirani

Sehemu hii ndiyo inayozaa shutuma nyingi kuliko zote, kwa sababu kila mmoja huamini kwamba mwenzake anawahonga ndege. Kwa hiyo tangazeni waziwazi vivutio mnavyoruhusu.

Maji ndiyo kivutio bora wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, ambapo mvua hukatika na madimbwi hukauka. Tumia sinia pana au sahani ya udongo yenye kina kisichozidi sentimita 5, weka jiwe katikati ili ndege mdogo apate pa kusimama, na ubadilishe maji kila siku, maana maji yaliyokaa huzaa mbu na hueneza magonjwa kati ya ndege. Kiweke mahali palipo wazi, mita mbili au tatu kutoka kwenye kichaka kilicho karibu, ili ndege wawe na pa kukimbilia na paka asiwe na pa kujificha karibu yao.

Maua huleta chozi. Ndege hawa wadogo wenye mdomo mwembamba uliopinda hupenda mishubiri, ambayo huchanua wakati wa baridi, na pia mimea yenye maua marefu ya rangi ya chungwa yanayokizunguka kishina kwa ngazi, kama ile inayoota yenyewe pembezoni mwa mashamba yetu. Anayeupalilia mmea huo kwa kudhani ni gugu hujinyima ndege mzuri kuliko wote wanaofika uani. Kwa upande wa matunda, papai lililoiva ndilo sumaku ya kuzumburu, wale ndege wa kijivu-kahawia wenye mkia mrefu na kishungi kichwani, wanaotembea kwa makundi na kuning'inia matawini. Shore nao hufuata mapera na mfurusadi.

Usimwage dawa ya kuua wadudu kwenye bustani ya uani msimu wa mashindano. Kwera, kurumbiza na ndege wengine wengi huwalisha makinda yao wadudu, na bustani isiyo na viwavi haina sababu ya kutembelewa. Chakula chenye chumvi, kama mabaki ya mboga au kitoweo, kisiwekwe kabisa.

Hatua ya nne: Hesabuni kwa kanuni moja

Chagueni saa moja kwa wiki, iwe ileile kila mara. Sisi tunatumia Jumamosi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na nusu asubuhi. Katika saa hiyo kila mmoja hukaa uani kwake na kuandika kila aina anayoiona, na kwa kila aina huandika idadi kubwa zaidi ya ndege walioonekana kwa wakati mmoja.

Maneno hayo ya mwisho yasomwe mara mbili. Ukiwaona njiwa watatu saa kumi na mbili na dakika arobaini, kisha wawili baada ya robo saa, kisha wanne saa moja, jibu si tisa. Jibu ni wanne, kwa sababu huna namna ya kujua kwamba wale wa mwanzo si walewale waliorudi. Kanuni hii ndiyo inayotumika Uingereza katika hesabu ya ndege wa bustani, iliyoanza mwaka 1979 na kufanywa na wananchi wa kawaida kila Januari, nayo ndiyo iliyomaliza ugomvi wetu mkubwa wa mwaka wa kwanza. Mwalimu alikuwa ameandika njiwa kumi na wawili. Mke wake, ambaye alikuwa akianika nguo muda wote huo, alitoa ushahidi kwa sauti iliyosikika hadi barabarani: "Njiwa walikuwa wawili tu, baba. Wamekwenda dukani wakarudi mara sita." Mpaka leo, mtu yeyote mtaani akizidisha hesabu ya kitu chochote, hata ya matofali, huambiwa kwamba njiwa wake wamekwenda dukani.

Kuhesabu ndege kwa ushindani kuna historia ambayo kila mshindani anapaswa kuijua. Huko Marekani katika karne ya 19 kulikuwa na desturi ya Krismasi ambapo watu waligawanyika makundi mawili, wakaenda porini na bunduki, na kundi lililorudi na rundo kubwa zaidi la ndege na wanyama waliokufa ndilo lililoshinda. Desemba 1900, mtaalamu wa ndege Frank Chapman alipendekeza watu waende kuwahesabu badala ya kuwapiga, na siku ya Krismasi watu 27 waliitikia. Hesabu hiyo inaendelea hadi leo. Ushindani ulibaki, bunduki ikawekwa chini. Nami huwasimulia watoto wa mtaani habari hii kila ninapoona manati mfukoni mwa mmoja wao, na wawili kati yao sasa wana daftari lao.

Hatua ya tano: Jifunzeni ndege wanaoleta ubishi

Usijifunze ndege wote kwa mara moja. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100, na uani kwako utafikiwa na sehemu ndogo tu. Jifunze wale wanaofanana, kwa kuwa hao ndio watakaokufikisha mbele ya msuluhishi.

Anzeni na kunguru, kwa sababu kila mtu hudhani anamjua. Katika miji yetu wako wa aina mbili. Mmoja ana kifua cheupe na ukosi mweupe unaozunguka shingo, kama mtu aliyevaa fulana nyeupe chini ya koti jeusi. Mwingine ni mkubwa zaidi, kifua chake ni cheusi, na weupe wake uko kisogoni tu. Mdomo wake ni mnene, umepinda juu, na ncha yake ni nyeupe. Huyu wa pili hupenda milima na majabali, na wakazi wa Iringa wanaoishi karibu na jiwe la Gangilonga wana nafasi nzuri ya kuwalinganisha wote wawili.

Mbayuwayu na teleka hubishaniwa zaidi jioni, mvua ikikaribia. Mbayuwayu hutua kwenye nyaya za umeme. Teleka hawezi, kwa kuwa miguu yake mifupi imeumbwa kwa kung'ang'ania kuta na miamba. Basi ndege aliyekaa kwenye waya hawezi kuwa teleka, na hoja hiyo pekee imenipatia ushindi wa pointi tatu mbele ya watu.

Chozi wanahitaji uvumilivu. Uani kwetu hufika madume wa aina mbili wenye manyoya mawili marefu katikati ya mkia. Mmoja ni wa kijani king'aacho mwili mzima, hadi tumboni. Mwingine huonekana mweusi ukimtazama kivulini, lakini jua likimpiga hung'aa kama shaba, tumbo lake likibaki jeusi, na mdomo wake umepinda zaidi. Mwaka jana niliandika yule wa kijani ilhali nilimwona yule wa shaba dhidi ya anga lenye mwanga mkali, ambapo rangi zote hupotea. Mwalimu aliniuliza swali moja tu, "Tumbo?", nami sikuwa na jibu, nikafuta mstari huo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikizunguka ili jua liwe mgongoni mwangu kabla sijataja jina la chozi yeyote. Kumbukeni pia kwamba dume wa kijani, msimu wa kuzaliana ukipita, huvua urembo wake na kuwa wa kahawia. Majike wa aina mbalimbali hufanana mno. Asiyetambulika aandikwe "chozi" tu na asipewe pointi.

Fumbwe naye hubadilika hivyo hivyo. Wakati wa mvua dume ni mweusi na mweupe, mdomo mwekundu, mkia mrefu kuliko mwili wake, naye huwafukuza ndege wote kwenye mtama uliomwagwa, hata waliomzidi ukubwa. Kiangazi hugeuka kandege ka kahawia chenye michirizi, kinachoweza kuchanganywa na shomoro na mtazamaji asiyeuangalia mdomo. Fumbwe hajengi kiota wala halei. Jike hutaga katika viota vya ndege wadogo wengine na kuwaachia kazi yote. Ni desturi mtaani kwetu kumwita fumbwe mtu yeyote anayekuja kunakili hesabu ya jirani badala ya kuamka mwenyewe, na sijapata kusikia aliyeitwa hivyo akichelewa tena Jumamosi iliyofuata.

Kuna pia ndege wa sauti. Ndege mmoja wa jamii ya tiva, mwenye mgongo mweusi na tumbo jeupe, huimba kwa kupokezana na mwenzi wake: dume hutoa mlio kama kengele, jike hujibu mara moja, na viitikio hivyo hushikana hadi msikilizaji huapa kwamba anamsikia ndege mmoja. Aliyemsikia mmoja aandike mmoja, lakini atakayewaona wote wawili wakiimba apewe pointi ya ziada, kwa kuwa amefanya kazi ya kunyata. Halafu kuna kekeo mwenye kifua chekundu, anayefika na mvua za kwanza na kurudia sauti tatu zinazoshuka, siku nzima na wakati mwingine usiku. Husikika kwa majuma bila kuonekana, naye hutaga katika kiota cha kurumbiza, yule mwimbaji wa alfajiri mwenye koo la rangi ya chungwa na mstari mweupe juu ya jicho. Sheria yetu ni kwamba kekeo anakubaliwa kwa sauti, mradi kaya mbili zimsikie siku hiyo hiyo.

Hatua ya sita: Pointi, ushahidi na msuluhishi

Pointi moja kwa kila aina iliyotua. Pointi tatu kwa wa kwanza kuripoti ndege wa msimu, kama mbayuwayu wa Ulaya mwenye koo jekundu lililozungushiwa ukanda mweusi, anayeanza kuonekana kwetu Septemba na Oktoba na kuondoka kufikia Aprili. Pointi tano kwa aina ambayo kaya hiyo haijawahi kuiandika, lakini hizi hutolewa tu kukiwa na picha, au shahidi kutoka kaya nyingine. Anayemwita jirani aje kumwona ndege mgeni, badala ya kumficha, apewe pointi mbili zaidi, na jirani apewe moja. Msiiache kanuni hiyo. Kabla yake tulikuwa tukinyamaziana; sasa watu hukimbia wakiwa na povu la sabuni mikononi.

Msuluhishi awe mtu asiyeshindana. Kwetu ni fundi cherehani aliye mkabala na barabara, mwanamke asiyejali ndege hata kidogo lakini anayejua rangi kuliko sisi sote. Ukimwambia kwamba kifua kilikuwa chekundu atakuonyesha vipande vitatu vya kitambaa na kukuuliza ni wekundu upi.

Kuhusu ushahidi, mkoa wa Iringa una kisa cha kipekee duniani. Mwaka 1991, katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, watafiti waliokuwa kambini waliona ndani ya sufuria ya kitoweo miguu ya ndege ambayo hawakuitambua. Ufuatiliaji wa miguu hiyo uliwafikisha kwa kwale wa msituni ambaye sayansi ilikuwa haijamjua. Alipewa jina rasmi mwaka 1994, likiwa na neno Udzungwa ndani yake. Washindani wote wakisimulie, kisha waandike katika sheria zao kwamba ushahidi wa sufuria haupokelewi.

Hatua ya saba: Utani na mipaka yake

Nchi yetu ina mila ya utani. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani wanaoweza kuchekana hata msibani bila mtu kununa. Utani wa aina hiyo una adabu zake, nao ndio mfano wa kufuatwa na majirani wanaoshindana kwa ndege.

Mtanie mtu kwa dai lake, si kwa mwili wake. Jirani anayeanza kupungukiwa na macho asichekwe kwa macho. Asaidiwe kwa darubini na achekwe kwa papai alilolitundika mpakani usiku. Usimtanie mtoto kwa kukosea jina la ndege, maana hatarudi. Usiutoe utani uani na kuupeleka kanisani, msikitini au ofisini mwa mtu. Na utani upumzike siku nyumba mojawapo ina mgonjwa. Siku hizo peleka chai, na ukimwona ndege mgeni umwandikie mwenzako katika orodha yake.

Ndani ya mipaka hiyo, vumbueni. Utani bora ni ule unaochukua muda kuutengeneza. Mwezi wa Agosti, baada ya kuzumburu sita kuhamia kwenye papai langu kwa wiki nzima, mjukuu wa Mwalimu aliniletea bahasha ya kaki iliyofungwa kwa gundi. Ndani yake mlikuwa na barua iliyoandikwa kwa mwandiko wa ubaoni: "YAH: KUZUIWA KWA NDEGE SITA AINA YA KUZUMBURU. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Ndege tajwa walipewa ruhusa ya siku moja kwenda kula papai na kurejea kituo chao cha kazi. Hadi leo hawajaripoti. Unatakiwa kutoa maelezo kwa maandishi ndani ya siku saba kwa nini usichukuliwe hatua. Nakala: Paka." Nilimjibu siku ya sita, nikieleza kwamba watumishi hao wameomba uhamisho kwa sababu ya mazingira duni ya lishe katika kituo cha awali, na nikaambatanisha robo ya papai. Barua zote mbili ziko katika daftari la mashindano, na wageni huombwa kuzisoma kwa sauti.

Hatua ya nane: Yaliyokatazwa

Hapa hakuna mzaha. Kiota hakisogelewi, hakipigwi picha kwa karibu, na matawi yanayokificha hayakatwi, kwa sababu ndege mzazi aliyesumbuliwa anaweza kukitelekeza, na njia uliyoifungua ndiyo atakayoipita kunguru au nyoka. Sauti ya ndege iliyorekodiwa isipigwe mfululizo ili kumvuta. Dume hudhani kuna mvamizi, na huacha kula na kulisha ili apambane na simu. Kumtega au kumfuga ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, hivyo ndege aliye kizimbani hana pointi, na mwenye kizimba aondolewe katika mashindano.

Bundi apewe ulinzi maalumu. Wengi bado humwona kuwa ni mkosi na humrushia mawe anapotua juu ya paa. Sisi tulimpa bundi pointi kumi, nyingi kuliko ndege mwingine yeyote, na tukautangazia mtaa. Mama mmoja aliyekuwa akiwasha taa na kupiga sufuria kila anapomsikia, sasa hupiga simu usiku wa manane kudai pointi zake, na panya waliokuwa wakimaliza mahindi ghalani kwake wamepungua.

Hatua ya tisa: Kufunga mwaka

Mwezi wa Februari mnaweza kuipeleka hesabu yenu nje ya mtaa. Kuna hesabu ya ndege wa uani iliyoanza Amerika Kaskazini mwaka 1998 na ambayo tangu 2013 imefunguliwa kwa dunia nzima. Hufanyika siku nne, na mshiriki hutakiwa kuhesabu kwa dakika zisizopungua 15 kisha kuziingiza takwimu zake katika eBird, daftari la mtandaoni la kumbukumbu za ndege. Wahesabuji wa nyanda zetu ni wachache, hivyo kila orodha kutoka Mbeya, Njombe, Iringa au Songea ina uzito. Anayeweza kufunga safari apande Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, wakati wa maua ya masika. Ndege wa huko wawekwe katika orodha ya tatu, maana Kitulo si uani kwa mtu.

Tarehe 31 Desemba, saa kumi jioni, kaya zote zikutane kwenye mti wa mpakani. Kila mmoja asome orodha yake yote kwa sauti, aina kwa aina, na mwenzake awe na haki ya kupinga mara tatu tu, ili mkutano uishe kabla ya giza. Msuluhishi atangaze jumla. Aliyeshindwa hutoa sado moja ya maharage na debe la viazi, hupika yeye mwenyewe, na wote hula pamoja, mshindi akikaa kwenye kiti kinachotazama bustani. Mwaka huu uliopita kiti kilikuwa cha Mwalimu, kwa tofauti ya pointi nne.

Daftari jipya lifunguliwe alfajiri ya tarehe 1 Januari, na ndege wa kwanza kuonekana aandikwe kwenye mstari wa kwanza, hata kama ni kunguru.